Dansa fupi za piano za Karibi: uanze na Cervantes, Lecuona au Gottschalk?

Juzi mdogo wangu kanipigia, anataka kuanza kusikiliza piano peke yake, yaani bila bendi bila mwimbaji, ila hataki zile za nusu saa, anataka kitu kifupi chenye mdundo ndani yake, kitu ambacho hata ukiwa umekaa unashtukia mguu unagonga sakafu. Nikamwambia nenda Karibi. Kuba, Puerto Rico, Haiti, huko watu wameandika dansa za piano tangu karne ya 19, nyingi ni za dakika mbili tatu tu, na ndani yake Ulaya na Afrika zimebanana kwenye kiti kimoja. Akasema sawa dada, nianze na ipi? Hapo ndo ikawa kazi. Nilitaka kumtajia moja nikashindwa, nikataja tatu, na hizo tatu kila moja inamtaka msikilizaji wa aina yake, kwa hiyo nimeona niziweke pamoja hapa, nawe kama uko njia panda hiyohiyo uchague.

Ya kwanza ni "Adiós a Cuba" ya Ignacio Cervantes, mzaliwa wa Havana 1847, na jina maana yake ni Kwaheri Kuba. Ya pili "La comparsa" ya Ernesto Lecuona, naye Mkuba, kazaliwa 1895 Guanabacoa, mji ulio jirani kabisa na Havana. Ya tatu "Souvenir de Porto Rico" ya Louis Moreau Gottschalk, huyu ni Mmarekani wa New Orleans, kazaliwa 1829, lakini familia ya mama yake ilitoka Saint-Domingue ambayo leo tunaiita Haiti, kwa hiyo nyimbo za visiwani alizisikia nyumbani kwao kabla hata hajapanda meli. Mbili za kwanza ni fupi kweli, dakika mbili hivi au tatu kutegemea na mpigaji. Ya Gottschalk inafika dakika tano na kitu, mpaka sita.

Kabla ya yote tafadhali usisikilize kwa spika ya simu. Nalisema hili kwa msisitizo maana mimi mwenyewe mwaka mzima nilikuwa nasikiliza hizi dansa jikoni, simu nimeiegesha kwenye kopo la sukari, na nilikuwa naona ni vimuziki vizuri vya kupikia basi. Spika ya simu inakula besi. Na besi kwenye dansa za Karibi ndo ngoma yenyewe, iko kwenye mkono wa kushoto, ukiikosa hiyo unabaki na mkono wa kulia unaimba hewani bila ardhi. Siku niliyovaa hedifoni nikasimama na mwiko mkononi, nikasema kumbe huku chini kuna mtu mwingine! Hedifoni hata za bei rahisi zinatosha.

Sasa fanya zoezi dogo, la dakika moja tu. Hesabu moja mpaka nane kwa mwendo ulio sawa, usikimbie, na upige kofi kwenye moja, nne na saba. MOJA mbili tatu NNE tano sita SABA nane. Rudia mpaka mkono uzoee wenyewe. Hiyo kule wanaiita tresillo, tatu, tatu, alafu mbili. Ukiongeza kofi kwenye tano, yaani moja, nne, tano, saba, umepata habanera, ule mwendo wa Havana uliozunguka dunia nzima. Na ukipiga moja, tatu, nne, sita, saba, makofi matano, hiyo ni cinquillo, hii inasukuma zaidi, kama mtu anayekuvuta kiunoni. Ukiwa na hizi tatu mfukoni una kila kitu unachohitaji kwa hivi vipande, nadharia nyingine achana nayo kwa sasa.

Na sikio la Mswahili halianzi sifuri hapa. Vile vijiti vya rumba ya zamani ya Kongo, ko, ko, ko, kisha ko-ko, ile mitatu ya mwanzo ndo moja, nne, saba yenyewe, haijabadilika hata kidogo. Rekodi za Kuba za kampuni ya HMV, zile za mfululizo wa GV, zilianza kuja Afrika 1933, wanamuziki wa Leopoldville (Kinshasa ya leo) wakazisikiliza mpaka zikawa zao, na huku kwetu Morogoro bendi ya Salum Abdallah ikaitwa Cuban Marimba. Kwa hiyo mtu aliyekulia kwenye nyumba yenye redio ya mzee keshaujua huu mdundo, hajawahi tu kuusikia ukitoka kwenye piano.

Haya, tuanze na Lecuona kwa sababu ndo rahisi kupenda. Comparsa ni kundi la watu wa karnivali, wanapita barabarani na ngoma na mavazi yao. Mizizi yake ni ya uchungu na furaha kwa pamoja: enzi za ukoloni wa Hispania, kila tarehe 6 Januari, Siku ya Wafalme, Waafrika wa Havana, watumwa na walio huru, waliruhusiwa kutoka na ngoma zao na kucheza mitaani kila watu kwa asili yao. Utumwa Kuba ulikomeshwa 1886, miaka tisa tu kabla Lecuona hajazaliwa, kwa hiyo watu waliotokea kwenye hali ile alipishana nao mtaani utotoni mwake. Hiki kipande alikiandika akiwa kijana ambaye hajafika miaka 20.

Kinavyoanza ni hivi: mkono wa kushoto uko chini huko, taratibu sana, unagonga tu. Ni kama usiku umelala, ukasikia ngoma ya harusi mtaa wa tatu, hujui ni wa nani ila unajua kuna watu. Kisha juu yake inaingia sauti ya wimbo, nayo taratibu. Wanakuja. Sauti inanenepa kidogo kidogo, mkono wa kulia unajaza noti, mpaka unahisi wamefika dirishani kwako kabisa na mishumaa na kila kitu, halafu wanapita, wanaondoka, na kinachobaki mwisho ni ile ngoma ya chini tena inafifia. Dakika mbili na ushei, basi.

Uzuri wake ni kwamba huhitaji kujua chochote, kipande kinakubeba chenyewe. Sauti ikikua unasisimka, ikipungua unatulia, hata mtoto anaelewa. Ila hapohapo ndo kuna tatizo kama lengo lako ni kusikiliza kwa makini, maana kwa sababu sauti inakubeba unaweza kukisikiliza mara 20 na bado ukawa hujasikia mkono wa kushoto unafanya nini pale katikati kelele zilipopanda. Mimi nilikuwa hivyo. Jaribu hivi, ile mwanzo uliposhika mdundo wa kushoto endelea kuugonga kwa kidole chako mezani bila kuuacha, piano ikipanda wewe gonga, ikishuka wewe gonga. Utashangaa jinsi ule mkono ulivyo mkaidi. Watu wanapita, shangwe inapanda na kushuka, ngoma iko palepale.

Gottschalk naye kaandika maandamano. Hii ndo sababu nawaweka hawa wawili jirani, maana hadithi ni ileile, watu wanatoka mbali, wanafika, wanapita, wanapotea, ila Gottschalk kaifanya zaidi ya miaka 50 kabla ya Lecuona, mwaka 1857 alipokuwa Puerto Rico. Jina la pili la kipande ni matembezi ya wajíbaro, yaani wakulima wa milimani kule. Na ule wimbo wenyewe hakuutunga yeye, ni aguinaldo, wimbo wa Krismasi ambao watu wanazunguka nao nyumba kwa nyumba usiku wakiomba pasteles, chakula cha ndizi mbichi zilizosagwa na nyama ndani, kinafungwa kwenye jani la mgomba na kuchemshwa. Wimbo unasema kama mtatupa pasteles basi mtupe za moto. Mimi nikishajua hilo nasikia kipande tofauti kabisa, wale sio askari kwenye gwaride, wale ni watu wana njaa na baridi ya mlimani na wamechangamka.

Kiufundi ni wimbo mmoja unaorudi na kurudi kwa mavazi tofauti. Mara ya kwanza uko chini, mzito, wa huzuni kidogo, kwenye mi flati maina, ambayo ina flati sita (alama za kushusha noti), vidole vinaishi kwenye zile funguo nyeusi. Kila ukirudi mdundo umeongezwa kitu, na ukifanya lile zoezi la makofi utaanza kuzitambua, hapa tresillo, hapa habanera, hapa ile ya makofi matano imeingia na sasa watu wanacheza hawatembei tena. Kwa anayejifunza midundo hiki ni darasa zima kwenye kipande kimoja, na hapa Lecuona hamfikii, maana Lecuona anashika ngoma moja na kukaa nayo.

Ila niseme ukweli ninavyousikia. Gottschalk alikuwa staa wa kuzunguka na piano, Marekani, Karibi, Amerika Kusini, mpaka akafia Rio de Janeiro 1869, na mtu anayeishi kwa kupiga kwenye kumbi anaandika akijua kuna watu kwenye viti vya nyuma. Pale kileleni mikono inaruka huku na huku, noti zinamwagika, na ni raha kweli kusikia, lakini kwa dakika nzima hivi namsikia mpigaji kuliko wale wakulima. Wanarudi baadaye, wakiwa wanaondoka, sauti ikishuka, na hapo mwishoni ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kama una subira ya dakika sita utazawadiwa. Kama huna, utakuwa umeshafungua kitu kingine kabla hawajafika hata mlangoni.

Sasa Cervantes. Huyu ni tofauti kwa sababu kwake hakuna anayekuja wala anayepita. Hakuna kupanda mpaka kishindo. Kipande kinaanza, kinasema, kinarudia, kinanyamaza. Ukikisikiliza mara ya kwanza baada ya Lecuona utasema ndo hicho tu? Mdogo wangu aliniambia hivyohivyo.

Dansa zake nyingi, na kaandika zaidi ya 30, zina umbo la zamani la kontradansa ya Havana, sehemu mbili fupi, na kila sehemu inapigwa mara mbili. Kwenye kumbi za dansa za zamani sehemu ya kwanza ilikuwa ya adabu, watu wanatembea, wanasalimiana, wanapeana mikono, na sehemu ya pili ndo viuno vinaanza kazi, huko ndiko midundo ya Kiafrika ilikuwa inasubiri. Kabla yake Manuel Saumell, naye wa Havana, alishatengeneza zaidi ya 50 za namna hiyo, nyingine hazifiki hata dakika mbili. Cervantes kalichukua umbo hilohilo akaliondoa kwenye sakafu ya dansa na kulileta sebuleni, la kukaa na kusikiliza.

Na "Adiós a Cuba" ina sababu ya kuwepo. Vita ya kwanza kubwa ya kudai uhuru wa Kuba ilianza 1868. Cervantes alisoma Paris, kwenye Konsevatwari, yaani chuo cha muziki, na alipata tuzo ya kwanza ya piano pale (Gottschalk alikataliwa kwenye chuo hichohicho bila hata kusikilizwa, eti katoka Marekani, nchi ya mashine tu). Karudi Havana, yeye na mpiga fidla José White wakawa wanafanya matamasha na hela zinakwenda kwa wapigania uhuru. Serikali ya Hispania ikajua, na 1875 wakaamriwa waondoke. Kaenda Marekani, hakurudi mpaka vita ilipoisha. Hiki kipande ni cha mwaka huo wa kuondoka.

Ukijua hivyo ungetegemea kilio, ngumi kwenye piano, laana kwa watawala. Hakuna. Kuna dansa. Mdundo wa danza, yaani hiyo dansa ya visiwani, upo palepale chini, ila umepunguzwa mwendo mpaka umekuwa hatua za mtu anayetembea bila kutaka kufika anakokwenda, na juu yake wimbo unashuka, unajaribu kupanda, unashuka tena. Mtu anaaga nchi yake kwa kuicheza dansa yake taratibu, na mimi hapo sina neno la kuongeza, kila nikisikia kifua kinabana.

Cha kusikiliza kwa karibu ni huko kurudia. Kwa sababu kila sehemu inapigwa mara mbili na noti ni zilezile, mpigaji mzuri hawezi kuzisema mara mbili sawasawa, lazima achague. Wengine mara ya pili wanapunguza sauti kama mtu anayejiambia mwenyewe, wengine wanavuta noti moja kidogo kabla ya kuiachia, wengine wanauinua mkono wa kushoto usikike zaidi ya wa kulia, na ghafla unagundua kule chini kulikuwa na wimbo mwingine muda wote. Hicho kitu kwa Lecuona na Gottschalk ni vigumu kukisikia kwa sababu masikio yako yanakimbizana na yale maandamano. Kwa Cervantes hakuna cha kukimbiza, kazi inabaki ya sikio lako peke yake. Na ni dakika mbili tatu, unaweza kusikiliza mara nne ukiwa kwenye foleni ya benki.

Basi mimi ningechaguaje. Kama hujawahi kabisa kusikiliza piano peke yake na unaogopa itakuchosha, chukua Lecuona, haikuchoshi, hilo nakuhakikishia. Kama wewe ni mtu wa midundo, mpiga ngoma, prodyuza, unataka kujua tresillo inageukaje ikawa habanera, kisha cinquillo, nenda kwa Gottschalk na ukae na kalamu. Lakini kama unataka hasa kujifunza kusikiliza, na unaweza kuchagua kimoja tu, ni Cervantes, na nasema hivi huku nikijua ndo atakayekufurahisha kidogo kuliko wenzake siku ya kwanza. Mpe wiki moja. Mara ya kwanza sikiliza mkono wa kushoto tu, ya pili wa kulia tu, ya tatu tafuta pale mikono inapopishana, mmoja umegawa muda kwa tatu na mwingine kwa mbili, na ya nne usitafute chochote.

Kwa wanaopiga piano wenyewe jibu halibadiliki sana. Noti za Cervantes na Gottschalk zinapatikana bure mtandaoni kwa sababu wamefariki zamani sana. Dansa moja ya Cervantes ni ukurasa mmoja au miwili, mtu aliyefika daraja la kati ataiweza, ugumu wake uko kwenye kuipiga kwa utulivu tu. Lecuona alikuwa na mikono mikubwa na ameandika kama mwenye mikono mikubwa, baadhi ya akodi (noti kadhaa za kubonyeza kwa pamoja) mimi sizifikii, inabidi nizivunje. Gottschalk mwachie aliyesoma.

Kuna wengine ningeweza kuwaongeza, Juan Morel Campos wa Ponce kule Puerto Rico aliyeandika danza nyingi mno, au hata Scott Joplin, yule wa ragtime, ambaye 1909 alitoa "Solace" yenye mwendo wa habanera kabisa, taratibu na nzuri ajabu. Ila hao ni baadaye.

Rekodi: Lecuona alijirekodi mwenyewe akipiga vipande vyake, anza na hiyo, utashangaa jinsi asivyoifanyia mbwembwe. Gottschalk wapo Eugene List, ambaye alianza kumrekodi zamani wakati wengi walikuwa wamemsahau, na Philip Martin aliyerekodi diski nyingi za kazi zake. Cervantes usichague mmoja. Tafuta wapigaji wawili wowote wa "Adiós a Cuba", weka mmoja kisha mwingine, na usikilize ule mrudio wa sehemu ya kwanza tu.

Mdogo wangu alimchagua Lecuona, kama nilivyotarajia. Siku nne baadaye ikaja meseji saa tano usiku: dada, huyu wa Kwaheri Kuba, mara ya pili pale mwanzo, kwa nini anauacha mkono wa kushoto ndo uongee?